Robo Saa ya Kusema na Kigoma

Papa yangu,

Leo nimepita mbele ya biro yako, ile ofisi yako ya zamani kule bandarini. Dirisha limezibwa kwa mbao na ule waya uliopanda juu ya paa haupo tena. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaniuliza ninamtafuta nani. Nikamwambia ninamtafuta Papa. Alinitazama kama mtu asiye na akili timamu, nami sikumlaumu.

Unakumbuka mwaka ule wa sitini na mbili? Mji wetu ulikuwa bado unaitwa Albertville. Wakubwa wa Kibelgiji walikuwa wameondoka, wakakuachia foni, ile redio ya kusemea na Kigoma ng'ambo ya ziwa. Kifaransa ulikiweza, lakini agizo la kazi lilisema kuwa na Kigoma ni Kiingereza tu, na Kiingereza chako ulikiokota katika kitabu kimoja kisicho na jalada. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, nimetoka kusoma miaka minne Kigoma kwa dada yako, na nilijiona profesa.

Kila jioni baada ya kula ulifungua daftari lako. Maneno makubwa hayakukusumbua. Yaliyokutoa jasho ni yale madogo.

"Sisi tunasema 'kwa simu', mambo inaisha," ulilalamika. "Hawa leo banaweka 'on', kesho banaweka 'by'. Sasa muntu anapanda juu ya simu sababu gani?"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Akaanza kukuita Papa On, na jina likafika hadi sokoni. Mimi nilichukua kalamu nyekundu na kukusahihisha bila huruma. Uliposema "in the telephone" nilikunja uso. Wewe hukukasirika hata mara moja. Ulijisifu kwa wenzako wa gati, "Mutoto yangu njo mwalimu yangu."

Lakini ulibadilika, Papa, na mimi niliona. Zamani ulibonyeza kitufe ukasema ulivyojaliwa. Sasa ulianza kuandika sentensi nzima, ukaisoma, ukaifuta, ukaandika tena, ndipo ukabonyeza. Kigoma walitusikiliza robo saa tu kila asubuhi, kuanzia saa mbili kamili, kisha walihamia bandari nyingine. Siku nyingi daftari lilikula nusu ya muda huo. Yalikuwa mambo ya shehena za samaki na saruji, kwa hiyo hakuna aliyeumia.

Kisha reli ikakatika kwa sababu ya vita, na sindano za Mama za ugonjwa wa sukari zikaisha hospitalini. Kigoma zilikuwepo. Meli ilikuwa inaondoka huko siku ile ile saa sita mchana, na nyingine ingekuja baada ya wiki. Nilikuletea kichupa kitupu ili uwasomee jina la dawa herufi kwa herufi. Saa mbili kamili ulibonyeza kitufe, ukaanza, "I am calling you in the radio, my wife..."

Nami, nikiwa nyuma yako, nikasema, "On the radio, Papa."

Ukaachia kitufe.

"Ngoja kwanza niandike muzuri," ulisema. "Hii ni mambo ya mama yako. Basije bakakosa kunielewa."

Nilikuacha uandike. Nilisimama pale na kiburi changu, nikakusomea kila mstari, nikakuambia hapa futa, hapa ongeza. Uliandika kwa mwandiko wa mtu anayempelekea mfalme barua. Ulipobonyeza tena, saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika kumi na saba. Uliisoma sentensi ile mara tisa, haina kosa hata moja, na hakuna aliyejibu.

Meli ilifika bila dawa. Mama alituacha siku ya nne.

Ulipokufa wewe, miaka mitatu baadaye, nilivuka kwenda kumpa shangazi habari. Bandarini Kigoma nilimkuta yule bwana uliyekuwa unasema naye kila asubuhi. Papa, ni mtu wa Ujiji! Kiswahili kinamtoka kama maji. Nilimweleza habari ya Mama, naye akakaa juu ya gunia akajishika kichwa.

"Mimi nilikuwa namwogopa baba yako," aliniambia. "Kiingereza chake kilikuwa cha kitabuni. Nilikuwa naandika majibu yangu kwanza. Angesema tu 'ndugu yangu, mke wangu anakufa', ningekimbia mwenyewe mpaka hospitali."

Sikukuambia hayo kwa sababu hukuwepo tena. Lakini lile jingine nililijua tangu siku ile, na nilikaa nawe miaka mitatu mezani bila kulisema. Nakupenda, Papa, na ninaona aibu. Sasa mimi mwenyewe ni mama. Watoto wangu wakikosea kusema, ninawaacha wamalize.

Siku ya mazishi ya Mama watu walikuzunguka wakikupa pole, nawe ulimjibu kila mmoja neno moja tu, "Nilichelewa." Nilikuwa nimesimama kando yako nikisikia, na nikanyamaza.

Hukuchelewa, Papa. Ni mimi niliyekuchelewesha.

Pumzika karibu na Mama.

Ni mimi, binti yako wa kwanza