Kanuni ya Saba

Gerezani, Banda la Tano
Jumamosi, 7 Machi 2015

Dada Deolinda,

Habari za hapo nyumbani? Mpwa wangu Perla anaendeleaje na shule? Na miguu yako, bado inavimba ukisimama sana? Mimi mzima, kama unataka kujua. Sidhani kama unataka, maana leo asubuhi umepita hatua ishirini kutoka kwenye nondo zangu na shingo hukuigeuza.

Nilikuona. Kizibao cha kijani cha parokia, kadi shingoni, kikapu mkononi. Banda la Tatu ulikaa saa nzima. Banda la Nne nusu saa. Ulipofika kona yetu ukamkabidhi kikapu yule mama mnene wa gitaa, Mama Celsa, ukageuka ukarudi ulikotoka. Ndivyo unavyofanya kila Jumamosi tangu niletwe hapa. Mwanzoni nilijiambia labda umechoka. Lakini mtu hachoki kwenye kona ile ile kila wiki, Dada.

Mzee Toribio, ninayelala naye chumba kimoja, alipewa mkate wa chipa kutoka kwenye kikapu chenu. Meno hana, akanimegea. Nikajua imetoka mikononi mwako kabla sijatafuna. Shamari nyingi kama alivyokuwa anatia mama, na chini imeungua, kwa sababu ukianza rozari unasahau tanuri. Nilikula nikalia, kisha nikakasirika kwamba nimelia, nikamgombeza mzee wa watu bure.

Najua nilichofanya. Nilikuwa nimelewa, nilikuwa kwenye usukani, pikapu ya parokia ikapinduka darajani na shemeji Fulgencio akafa. Mume wako. Sijawahi kulikana hilo mbele ya mtu yeyote. Ila yule mrefu wa Banda la Tatu mwenye kovu aliua watu wawili, mmoja wao mke wake, na wewe unamwita mwanangu. Unamkata kucha. Mimi uliyenibeba mgongoni mpaka nikaanza shule, salamu hunipi.

Sabuni sitaki. Msamaha sikuombi. Ninachotaka ni uje hapa kwenye nondo unitukane. Miezi kumi na tisa nangoja matusi yako, na sijapata hata moja.

Mdogo wako,
Lino


Ofisi ya Parokia ya Mtakatifu Roko
21 Machi 2015

Bwana Isabelino Cañete,

Tumepokea barua yako kwa mkono wa Mama Celsa Irala. Tunakutakia afya njema na Kwaresima yenye matunda.

Kuhusu ombi lako, Huduma ya Magereza ya parokia yetu ina kanuni zake. Kanuni ya saba inasema kwamba mhudumu hamtembelei mfungwa ambaye ni ndugu yake wa damu au wa ndoa, ili upendeleo usiingie katika kazi ya Mungu. Banda la Tano liko chini ya Mama Celsa. Ukiwa na shida ya sabuni, dawa ya meno au blanketi, mweleze yeye. Padre atakuja kuungamisha Jumatano Kuu, na wewe unakaribishwa kama wenzako.

Katika Kristo,
Deolinda Cañete, mjane wa Rolón
Mratibu


Gerezani, Banda la Tano
23 Machi 2015

Dada,

Hujambo? Mimi Bwana Isabelino sijambo sana. Barua yako niliwasomea chumba kizima kwa sauti na walicheka mpaka nyapara akaja kuuliza kuna nini. Nimeambiwa nikipata dawa ya meno nimpe Mzee Toribio, yeye ndiye mwenye nafasi mdomoni.

Sasa nikuulize kuhusu hiyo kanuni yako ya saba. Mzee Toribio ana kijitabu chenu cha mwaka 2012, kile chenye picha ya Mtakatifu Roko na mbwa wake. Alikuwa amekikunja chini ya mguu wa meza isicheze. Nimekitoa, nimekifuta, nimekisoma chote. Kanuni ziko sita. Ya sita nakunakilia kama ilivyo: "Mhudumu hamruki mtu yeyote." Umeiandika wewe, naijua lugha yako. Basi hiyo ya saba ilizaliwa lini? Nadhani ilizaliwa wiki niliyohamishiwa hapa kutoka mahabusu. Ulikaa mezani kwako, ukavaa miwani, ukatunga kanuni ya mtu mmoja.

Una haki ya kunichukia. Kunichukia kwa muhuri wa parokia ndiko kunakonichefua.

Mdogo wako, hata kama kanuni inakataa,
Lino


Nyumbani
28 Machi 2015

Isabelino,

Hali yako sikuulizi. Nakuona kila Jumamosi, umenenepa.

Ndiyo, niliitunga. Ilinichukua dakika tano, Padre akaisaini bila kuisoma. Nenda kawasomee hilo nalo wacheke.

Unataka kujua kwa nini yule wa kovu namkata kucha na wewe nakuruka? Yule hajaniulia mtu. Aliowaua walikuwa wa nyumba nyingine, na mimi nikimkata kucha nawaza kucha tu. Wewe umeniulia mume. Paa la jikoni linavuja tangu mvua za Novemba kwa sababu aliyekuwa akipanda ngazi yuko makaburini. Perla alitimiza miaka kumi na mitano, na dansi ya kwanza, ile ya binti na baba yake, aliyecheza naye alikuwa katekista, mtu asiye baba wala mjomba. Mjomba alikuwa jela kwa kumuua baba. Watu walipiga makofi huku wanafuta machozi. Nilitaka kuwatoa wote nje na keki yao.

Kizibao hiki kinanidai upole. Nikikivaa lazima nitabasamu, niulize mtu amelalaje, nimsikilize. Naweza kwa wote. Nikija kwako nimekivaa nitakuwa mnafiki, na nikikivua nitakurarua uso. Ndiyo maana nikajiwekea kanuni. Niache nifanye kazi yangu.

Kesho ni Jumapili ya Matawi. Usiniandikie tena.

Deolinda


Gerezani, Banda la Tano
Ijumaa Kuu, 3 Aprili 2015

Dada,

Natumaini wewe na Perla mmeiona Ijumaa Kuu mkiwa wazima. Hapa tumepewa maharage bila nyama, kama siku nyingine zote, ila leo wanasema ni mfungo.

Umeniambia nisikuandikie. Nitaandika hii moja, maana umenihesabia paa, dansi na keki, na kuna kitu kimoja hukukihesabu.

Siku ile ya sikukuu ya Mtakatifu Roko nilikuwa kwenye moto tangu asubuhi nachoma nyama ya parokia. Nilikunywa, ndiyo, kila mtu aliyepita alinimiminia. Saa nane ukaja unakimbia. Askofu anafika saa kumi kutoa kipaimara na viti havitoshi. Viti thelathini viko kwenye kigango cha ng'ambo ya mto na dereva wa parokia haonekani. Nikakuambia, "Dada, tafuta mtu mwingine." Ulinisogelea, ukaninusa. Nakumbuka pua yako ilivyokunjana. Ukasema, "Umekunywa, Lino. Endesha polepole." Ukanitia funguo mkononi, ukavikunja vidole vyangu juu yake.

Kisha ukamwita shemeji. Alikuwa amekaa na guampa yake, ile pembe ya kunywea tereré baridi, hana habari. Ukamwambia apande nyuma ashike viti, na aniangalie.

Hakimu aliniuliza mara tatu nani alinipa funguo. Mara tatu nikasema nilizichukua mwenyewe mezani. Kwa hilo tu niliongezewa mwaka mmoja, mwizi wa gari juu ya mlevi. Wewe ulikuwa umekaa benchi la mbele, shela nyeusi kichwani. Uliniangalia, ukainamisha kichwa. Nilidhani unalia.

Sikusema kwa hakimu na sitasema kwa mtu. Niliona Perla amebakiwa na mzazi mmoja, basi. Lakini miezi yote hii nilikuwa nangoja uje useme neno moja tu hapa, kati yangu na wewe, pasipo mtu. Badala yake umeniletea kanuni. Hunikwepi kwa sababu nilimuua Fulgencio. Unanikwepa kwa sababu tulikuwa wawili.

Aliyeendesha ni mimi. Sitakupa hata nusu ya usukani ule. Funguo ni zako, zichukue.

Lino


Gerezani, Banda la Tano
20 Juni 2015

Dada,

U hali gani? Nakuuliza kweli safari hii.

Jumamosi kumi na moja hujaonekana. Wenzako wanakuja, wewe huji. Mama Celsa mara anasema unaumwa, mara anasema una kazi nyingi ofisini. Akibanwa anaanza kupiga gitaa. Banda la Tatu wanakuulizia. Yule wa kovu kucha zake zimekuwa ndefu, hataki mtu mwingine amkate, na baridi hii watu wana hasira za bure.

Barua yangu ya Ijumaa Kuu siifuti. Kila neno ni la kweli. Lakini sikuiandika ili ukose kutoka kitandani. Niliiandika ili uje. Kama umekasirika, kasirika ukiwa umesimama hapa. Hata kunyamaza, njoo unyamazie hapa.

Mzee Toribio anakusalimu. Anasema chipa za Mama Celsa ni ngumu, na hiyo ni dhambi kwa mtu asiye na meno.

Mdogo wako,
Lino


Nyumbani
17 Agosti 2015

Lino,

Salamu nyingi. Mimi mzima, miguu tu. Perla mzima ila hasemi na mimi, na utaona sababu.

Jana ilikuwa sikukuu. Miaka miwili. Mwaka huu viti vilitosha, nilivipanga mwenyewe mmoja mmoja. Watu wakakaa. Mimi sikuweza kukaa, nikasikiliza misa yote nimesimama nje kwenye ukuta.

Barua yako ya Ijumaa Kuu niliisoma nimesimama jikoni. Kwanza nilikasirika nikataka kuichoma. Niliwasha jiko kabisa. Nikakutukana kwa jina la mama, peke yangu, kwa sauti, mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Nilisema wewe ni mlevi, ungeweza kukataa, una miguu, ungeweza kuzitupa zile funguo kwenye majani. Bado nasema hivyo. Ulipaswa kuzitupa, Lino. Kuniambia nitafute mtu mwingine na kisha kuzipokea si kukataa.

Lakini kila nilipomaliza kukutukana nilibaki na pua yangu. Ile harufu naijua. Nimeisikia kila siku kwa miaka miwili, kanisani, kitandani, kwenye tanuri. Niliinusa nikajua, na nikawaza Askofu ataona watu wamesimama. Watu kusimama, Lino. Hilo ndilo nililoogopa. Nilimpandisha mume wangu nyuma ya gari la mlevi ili watu wasisimame. Na mahakamani, hakimu alipouliza mara ya tatu, sikulia. Niliinamisha kichwa kwa sababu niliona umekwisha kuniokoa na nilitaka iwe hivyo. Nilikuchukia tangu dakika ile, kwa sababu ulijua.

Kwa hiyo jana baada ya misa nilikwenda kwa mama mkwe. Ña Ramona alikuwa uani anamenya muhogo. Nikamweleza yote, funguo, kunusa, na kwamba mimi ndiye niliyemtuma mwanawe. Alimenya muhogo ule mpaka ukaisha, akafuta kisu kwenye sketi, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilikaa pale uani mpaka jua likanifikia. Hakuufungua. Perla alikuwa nyuma yangu, alikuja kuniletea shela, akasikia kila kitu.

Leo asubuhi nilimweleza Padre. Alitaka kunifariji, nikamwambia aache. Nilimpa kizibao, kadi na ufunguo wa stoo ya sabuni. Kitabu cha kanuni tumekifungua pamoja. Ile ya saba nimeikata kwa kalamu yangu mwenyewe na nikamwambia aandike pembeni kwamba ilikuwa ya uongo tangu mwanzo. Keshokutwa nakwenda kwa mwanasheria wa serikali kuuliza mtu akitaka kusema sasa maneno ambayo hakuyasema mahakamani anaanzia dirisha gani. Huo mwaka uliopewa kwa wizi si wako. Usinikataze. Hukuniuliza uliponificha, nami sikuulizi ninapojitoa.

Usidhani nimepoa. Nina hasira na wewe mpaka vidole vinauma kuandika. Nina hasira ulivyokunywa, ulivyonilinda, ulivyoniachia nikae benchi la mbele kama mtakatifu. Nina hasira ulivyokaa miezi ishirini kimya na ukweli wote kifuani, kisha ukaniandikia siku aliyokufa Bwana. Umechagua siku, wewe.

Jumamosi kikundi kitakuja, mimi sitakuwemo. Mama Celsa nimemfundisha kukata kucha. Mimi nitakuja Jumapili, siku ya ndugu. Nitapanga foleni nje ya lango na mama za watu na wake za watu, nivue viatu, nipekuliwe nywele, nipigwe muhuri mkononi. Sabuni sitaleta, sabuni ni ya kanisa. Chipa sitaleta, sijaweza kuwasha tanuri. Nitaleta yale matusi uliyoyaomba, na mengine ya kwangu mwenyewe, na utayasikia yote ukiwa umekaa.

Kanyoe ndevu. Askari langoni huuliza kila mtu amekuja kumwona nani na ni nani wake. Safari hii nitajibu.

Dada yako,
Deolinda