Nilisimama Nyuma ya Morag

Sydney, Ijumaa alasiri

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama ameniambia kwamba siku hizi unapanda ngazi za kanisani umeshika ukuta, na ukiulizwa unasema unakagua rangi. Baba, nenda hospitali, acha ubishi. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haukai. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungesingizia mtandao ukakata.

Nipo uwanja wa gofu, nimekaa kwenye benchi la makedi, nangoja. Unamkumbuka Morag, yule Mskoti niliyekusimulia? Shangazi yake ni mmoja wa wazee ninaowatunza kwenye makao ya wazee kule St Marys. Wiki hii amekuja kucheza mashindano hapa Sydney, na siku mbili kabla ya kuanza, kedi wake akaumia mgongo. Alikuja kumwona shangazi yake hajui amshike nani. Nami mdomo wangu huu, nikasema, "Baba yangu ni kedi. Mimi nimewabebea wachezaji mikoba ya fimbo tangu darasa la tano." Akanitazama mikono, uso hakuuangalia. "Njoo kesho alfajiri," akasema.

Consolata, Mrundi ninayefanya naye kazi, alinishikia zamu. "Nenda, ma chérie, mi nitacover shift zako zote. But uombe Mungu sana, hiyo game haina huruma."

Hakukosea. Morag alianza gofu na fimbo za bibi yake zilizokatwa vipini, kwenye mji mdogo wa pwani huko Uskoti ambako anasema mvua inanyesha kwa ubavu. Akiwa msichana alishinda Ulaya mara mbili, watu wakasema huyu atafika mbali. Halafu bega. Akapasuliwa, akakaa miaka miwili anatazama wenzake kwenye televisheni. Sasa ana miaka thelathini na saba, na haya ndiyo mashindano yake ya mwisho msimu huu. Akivuka mchujo wa leo, anabaki na nafasi yake ya kucheza mwakani. Asipovuka, anarudi kuigombea na wasichana waliomaliza shule juzi. Aliniambia mwenyewe, anatabasamu, lakini vidole vilikuwa vinachezea zipu ya mkoba bila kupumzika.

Jana tulicheza vizuri. Leo, kwenye shimo la tisa, upepo ulivuma, mpira ukaangukia kwenye majani marefu. Wenzake walikuwa ng'ambo wanatafuta mpira wao. Morag akasema haoni vizuri mstari wa kulenga. Baba, mimi nilifanya ulivyonifundisha. Nikaenda nyuma yake, nikanyoosha mstari na bendera, nikabaki pale pale mpaka akapiga. Jicho la kedi ndilo jicho la mchezaji, si ulikuwa unasema hivyo? Mpira ulikwenda safi. Nikajiona bingwa.

Kwenye shimo la kumi na nne nikamwona kedi mwingine anamwelekeza mchezaji wake kutoka nyuma, kisha anaruka pembeni kama aliyekanyaga siafu, hata kabla mchezaji hajapanga miguu. Nikamuuliza kwa nini. Akashangaa. "Wewe hujui? Siku hizi kedi akibaki nyuma mchezaji anapojipanga, na mchezaji akapiga hivyo hivyo, ni adhabu, anaongezewa mikwaju miwili."

Kanuni ilibadilika, baba, na mimi nilikuwa nimeshaondoka nyumbani. Tena walinipa karatasi ya kanuni siku ya kwanza. Niliisoma juujuu, nikaikunja, mtoto wa kedi atafundishwa nini? Mashimo manne yaliyobaki nilibeba mkoba sioni nyasi. Morag hakujua, kichwa chake kilikuwa kwenye mpira. Hakuna mwingine aliyeona. Na wewe ulinifundisha kwamba kedi hana mdomo.

Tuliingia kwenye hema la kusaini kadi za alama. Kwa hesabu ya kadi ile alikuwa amevuka kwa nafasi ya mkwaju mmoja. Ameshika kalamu. Nikasema, "Morag, usisaini." Nikamweleza. Akaniuliza, "Una hakika hukuondoka?" Ningeweza kusema sina hakika, baba. Alinipa muda wa kusema hivyo. Nikasema ninayo. Akamwita mwamuzi, wakaongeza miwili kwenye shimo la tisa, akasaini, akatoka bila kunitazama.

Tangu hapo nipo hapa. Wachezaji wa mchana wakiharibu kidogo, mstari wa mchujo unaweza kushuka ukamfikia. Naomba watu nisiowajua wakosee, Mungu anisamehe. Na nikwambie ukweli, nimekukasirikia sana, baba. Nilikaa hapa nikakulaumu wewe, na uwanja wako, na ile miaka yote ya kunisimamisha nyuma ya wazungu. Kisha nikaikuta ile karatasi mfukoni.

Niliweka kalamu, sasa narudi. Kundi la mwisho limemaliza. Mstari haukusogea. Amekosa kwa mkwaju mmoja.

Alikuja hapa kwenye benchi. Nikasimama, nikamwambia nisamehe. Akaniuliza kama baba yangu bado anafundisha vijana. Nikasema ndiyo, kila Jumamosi. "Basi mwambie leo," akasema. Nikainama kuchukua mkoba, akanitangulia. Akaubeba mwenyewe kwa lile bega bovu mpaka kwenye gari, nami nyuma yake mikono mitupu. Hakusema nimtafute, hakusema nisimtafute. Jumatatu atakuja kumuaga shangazi yake, na zamu ni yangu. Sijui nitaingiaje chumba kile.

Msalimie mama, asiache dawa za presha hata akijisikia vizuri. Msalimie shangazi Eliaika na cherehani yake, na mdogo wangu anayesomea ufundi umeme, aache kukuficha matokeo.

Kesho ni Jumamosi. Wakusanye vijana wako, waambie kanuni imebadilika. Wakikubishia, nitaje kwa jina.

Binti yako,
Neema