Mfarishi Uliokuwa Mzito

S.L.P. 212,
Lame Deer, Montana.
14 Mei 1998

Mpendwa kaka Delmar,

Pokea salamu zetu zote. Hujambo huko Anchorage? Wifi yangu Corinne na watoto wanaendeleaje, na kile kifua chako kimepoa? Sisi tu wazima, ila goti la shangazi Rosalee linatabiri mvua kuliko redio.

Naandika nikiwa nimesimama jikoni, maana nikikaa nainuka. Nimefagia mara tatu tangu asubuhi na nyumba haikuwa chafu.

Tarehe mbili tulitimiza mwaka tangu Baba afariki. Tuligawa vitu vyake vyote kama desturi yetu Wacheyenne inavyotaka: tandiko lake, buti zake, mablanketi, mashali kumi na saba ya shangazi, hata kikombe chake cha kahawa. Watu walikula supu ya nyama kavu na mikate ya kukaanga mpaka wakalegeza mikanda. Kila mtu aliniuliza uko wapi, nikachoka kujibu.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Mzee Harlan, yule wa Pryor, wa kabila la Wakrow, mahasimu wetu wa zamani, aliyekuwa akishindana na Baba kupanda farasi wakorofi. Tulimpa mfarishi wa Mama, ule wa viraka vya nyota. Niliubeba mwenyewe mbele ya umati, umekunjwa na kufungwa utepe. Nilihisi uzito. Unajua desturi yetu ya kuchomeka kitu ndani ya zawadi. Nikadhani shangazi ameweka kopo la kahawa, nikafurahi kwamba Wakrow hawatatuita wachoyo.

Siku nne baadaye ikapiga ngurumo ya kwanza ya mwaka, iliyochelewa. Nikachukua mafuta na kitambaa, nikafungua sanduku la Baba ili niifute ile bastola ya ukoo, kama Baba alivyofanya kila ngurumo ya kwanza. Haikuwemo. Shangazi akaketi kitandani. Ndipo akakumbuka kuwa Baba, alipokuwa mgonjwa, aliizungushia ule mfarishi ili isipate unyevu. Kaka, niliigawa kwa mikono yangu miwili, huku natabasamu!

Wasomee watoto wako sehemu hii, maana sidhani umewahi kuwasimulia. Bastola ile ya mtutu mrefu ilikuwa ya askari wa farasi. Babu wa babu yetu aliitwaa vitani, mtoni, kisha akapigilia misumari ya shaba kwenye mpini ili ijulikane imepata mwenyewe mpya. Watu wetu waliposalimu amri, askari walipita hema kwa hema wakikusanya silaha. Mke wa babu huyo aliificha chini ya kitoto chake kichanga, ndani ya ubao wa kubebea mtoto mgongoni, na mtoto akalia kiasi kwamba askari hakutaka kusogea karibu. Mtoto huyo ndiye aliyemzaa babu yetu. Hata leo ukivuta nyundo yake inalia mara nne, taratibu, na Baba alikuwa akituambia tuhesabu.

Sasa ningefanya nini? Zawadi haiombwi tena. Afadhali niende sokoni bila viatu kuliko nimpigie Mkrow simu nimwambie nirudishie. Nikanyamaza, na kunyamaza kukanila.

Jana Mzee Harlan akaja mwenyewe. Akaketi, akaonja kahawa, akakunja uso.

"Nyie Wacheyenne, hii kahawa au maji ya kuoshea soksi?"

"Kunywa tu, mzee. Babu zako walikunywa mbaya zaidi kule walikokuwa wakiwaonyesha askari njia."

Alicheka mpaka akakohoa. "Walilipwa, lakini! Wenu walipata nini?"

"Tulipata bastola," nikasema. Neno lilinitoka kabla sijalizuia, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Hakucheka tena. Akazungusha kikombe. "Mfarishi ule una joto sana, binti. Tena mzito." Kisha akasema, "Nilichopewa mbele ya watu sikirudishi kwa mlango wa nyuma. Ningekuwa namtukana baba yako. Lakini Agosti, kwenye kambi yetu, mjukuu wangu anapewa jina, na mimi nitagawa. Nitamwita Delmar."

"Niite mimi. Niko hapa."

"Baba yako Wilbert aliniambia ni ya nani. Nitaita mara nne. Asiposimama, nitampa mgeni yeyote aliye karibu. Zawadi ikishatolewa lazima ipate mkono."

Ni kweli, kaka, na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Baba alituambia sisi tuliokuwa naye hospitalini: "Hiyo ni ya Delmar, akija." Najua ulipoipeleka Billings kwa yule mnunuzi wa silaha za kale, akaipindua na kusoma namba zake kama bei ya ng'ombe, Baba alikufukuza kwa maneno ambayo hata mbwa haambiwi. Umekaa miaka kumi na moja ukiamini kuwa ndiyo yalikuwa ya mwisho. Mimi nilijua siyo, na sikukuandikia. Nilikuwa na kinyongo: mimi ndiye niliyemwogesha, mimi ndiye niliyemlisha, kisha kitu chenyewe kiende kwa aliyeondoka? Nisamehe. Sikulala na njaa kwa sababu ya chuma kile, lakini nililala na wivu.

Shangazi anakusalimu, anasema uje na Corinne ili aone kama amenenepa. Binamu Lester na wanawe wanakusalimu. Wabusu watoto wako wote. Mungu awalinde barabarani, awape farasi wapole na moyo mwepesi.

Ugawaji wa Mzee Harlan ni Jumamosi ya tatu ya Agosti. Nitakuwa nimesimama pale pale, karibu naye kabisa, na ninajua kuwa ukikosekana, mkono wake utanielekea mimi. Nilikuwa nimeshapanga kukaa kimya ili iwe hivyo. Ndiyo maana ninaipeleka barua hii posta sasa hivi, kabla sijakaa nikaghairi.

Dada yako akupendaye, na anayekusubiri,
Elvina