Foku ya Sista Modesta Imelala Tena

Katoro, Jumamosi. Jua kali, vumbi hadi ndani ya chai.

Kwa masikitiko makubwa, fundi baiskeli Baba Neema anawatangazia ndugu, jamaa na majirani kwamba foku ya baiskeli ya Sista Modesta, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, imelala tena. Habari zimfikie hasa Bwana Karim wa duka la vipuri ng'ambo ya barabara, ambaye ameshacheka vya kutosha.

Foku yenyewe haina springi. Inabebwa na hewa iliyofungiwa ndani. Mgeni mmoja mtafiti wa madini alimwachia Sista baiskeli hiyo alipokuwa anaondoka. Sista ni mkunga. Jumatatu anapeleka chanjo vijijini, na mvua za mwaka huu zimeacha barabara mashimo matupu. Mgongo wake hauwezi tena foku ya chuma.

"Weka ya chuma tu, Baba Neema," Karim ananiambia kila akipita. "Hiyo ya hewa imekushinda."

Haijanishinda. Siweki.

Wiki iliyopita niliifungua, nikaisafisha, nikatoa oringi, ule mpira wa duara unaozuia hewa, iliyokauka na kuweka nyingine ya saizi ileile, ya pampu ya maji ya wachimbaji. Nikajaza hewa kwa kipampu chake, nikapaka povu la sabuni. Hakikutoka hata kiputo kimoja. Kesho yake jioni, imelala. Nikafungua upya. Nimeifungua mara nne. Mke wangu sasa anaiita mke mwenza.

Leo asubuhi Sista kaja mapema.

"Shikamoo, Baba Neema."

"Marahaba. Subiri kwanza niisikilize." Nikabonyeza vali kwa ukucha, tss, kama ninavyosalimia kila tairi miaka yote hii.

"Unafanya hivyo kila siku?"

"Asubuhi, mchana na jioni. Ndiyo kazi."

Akaikalia. Ikazama mbele ya macho yetu.

Sista hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. "Baba Neema, mimi mtoto akilala simwamshi kumuuliza kama amelala."

Akanisimamia nikajaza upya, nikafunga kifuniko, akanikataza kuigusa. Akaizungusha sokoni, mashimo yote. Jioni hii bado imesimama wima, na Jumatatu itakwenda, Karim apende asipende.

Karim aliniuliza nilitumia dawa gani. Nikamjibu, "Oringi," nikakunja uso kama mtaalamu.

Hapa sina wa kumkunjia uso, basi niseme. Tairi ina hewa ya kumwaga; ukiibonyeza haihisi kitu. Ya foku haijazi hata glasi, na kila nilipoisikiliza nilikuwa naimaliza.

Foku ilipona siku ya kwanza. Siku zote zilizofuata, aliyekuwa anavuja ni mimi.