Mwenyeji Aonje Kwanza

Evere, Jumapili, 10 Oktoba 1993

Sikuomba radhi, na sitaomba.

Siku mbili tumekuwa kwenye mashamba ya mizabibu kando ya mto Moselle, baridi ikiniuma magoti, binti yangu Furaha akichangamka kama mtoto. Leo asubuhi mwenye shamba alitushusha katika ghala lake la chini, akanimiminia mvinyo mweupe, yeye mwenyewe asinywe. Nikamrudishia glasi, nikamwomba kwa Kifaransa aanze yeye. Kwetu Bukavu mwenyeji huonja kwanza, mgeni aone kwamba hakuna sumu.

"Papa, non! Unatupatisha haya. Huku haiko Bukavu!" Furaha akanikemea.

"Tumbo yangu ingali ya Bukavu," nikamjibu.

Mwenye shamba akacheka, akanywa. Ndipo nami nikanywa. Ulikuwa mkali, baridi, mzuri.

Furaha aliendesha gari hadi nyumbani akiwa amenuna. Miaka thelathini ugenini huku Ulaya imeniachia adabu chache, na njia nzima nilihofu kwamba hizi nazo zitakufa pamoja nami.

Jioni hii ameniletea chai. Kabla ya kunipa kikombe alipiga funda moja, akinikazia macho.

"Bon, papa. Sasa kunywa."