Rukia Anataka Nimchore

Mama Rukia, rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka hapa kijijini Hewani, na za mume wangu pia, ingawa hajui kama nakuandikia. U hali gani huko? Umepumzika? Mikono imeacha kuuma? Nakuuliza kama mtu anayeuliza habari za mji wa Madogo, kana kwamba jioni gari litaniletea jibu. Sisi hatujambo. Mto umeshuka, mpunga tumevuna si haba, na Mungu hajatuacha.

Ila watu wameniacha. Hilo ndilo nililoshikia kalamu.

Unakumbuka yale maji yalipoingia nyumbani kwangu yakaozesha picha zote za ukutani. Ya harusi, ya marehemu baba, ya Komora wangu na sare ya shule. Ulikuja na maziwa ukanikuta nalia juu ya fremu zenye matope, ukaniambia, "Si wewe unajua kuchora? Chora basi, uache kutuongezea maji." Ndipo nikaanza kuwachora wazee wa hapa, mmoja mmoja, wajukuu wasije wakasema babu yao hakuwa na uso. Haikuwa kazi ya kanisa wala ya kuuza. Ilikuwa yangu tu, nyuma ya kalenda kuukuu, kwa penseli anazoniletea Komora kutoka Hola na makaa ya jikoni pale panapotaka weusi.

Wewe ulizijua tabia zangu zote. Naanza na sikio, kwa sababu mtu hajui kulikaza sikio lake. Uso ukiutazama unajikaza kama wa kitambulisho. Nikimaliza sikio, mwenyewe ameshasahau kama namtazama, ameanza kumsema jirani, basi uso unakuja wenyewe. Macho nayaweka mwisho. Nikisimama njiani kutazama goti la ng'ombe, jinsi ngozi inavyojikunja pale, ulikuwa ukiniita, "Mama Komora, twende, huyo hauzwi." Na wale simba wa Danieli niliowachorea watoto wa Sunday school! Simba sijawahi kumwona, nikawapa sura za ng'ombe wenu. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Simba gani hawa? Hawa wananyonyesha."

Sasa nikueleze kosa, nalo ni kosa la neno. Hapa kwetu picha huchukuliwa, hazipigwi, basi nami nikazoea kusema hivyo hata kwa penseli. Nilikuwa napita kijijini na furaha yangu nikitangaza, "Mzee Buya nimeshamchukua, bado Bibi Hadulu, wiki ijayo namchukua." Mzee Buya akafa. Mvua zilipoanza, Bibi Hadulu naye akafa. Wote wawili walikuwa wazee ambao hata fimbo zao zilikuwa zimechoka, lakini neno lilikuwa limeshatoka kinywani mwangu. Watu walilirudia mpaka likaota meno. "Yule mama anachukua watu."

Kisha ukafa wewe.

Tangu siku hiyo, Mama Rukia, nikifika kisimani wanawake wanavuta leso mpaka puani. Mjukuu wa Mzee Buya alikuja kudai karatasi ya babu yake, nikampa, akaichoma hapo hapo uani kwangu wala hakuniaga. Kijana wa bodaboda wa Garsen aliniambia, "Nitakubeba, mama, lakini kalamu itie ndani ya begi, na begi lifunge." Alikuwa anacheka. Sijui kama alikuwa anacheka kweli. Siku hizi sijui tena nani anacheka na nani anapima.

Nilimwendea mzee wetu wa kanisa nikamwambia, "Kila mtu ana kitambulisho chenye uso wake, mbona hatufi?" Akasema, "Ile ni mashine. Mashine haikutazami. Wewe unatazama, Mama Komora." Akaniombea vizuri, akanishika bega, lakini aliomba macho wazi. Neno lake limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa maana kuna jambo ambalo hakuna anayelijua ila mimi na wewe, nalo ndilo linaloniogopesha. Uso wako sikuuchora kamwe. Ulinikataza tangu mwanzo. Ulisema kwenu sura haichorwi, kisha ukaongeza, "Na uso huu ni wa Mungu na wa mume wangu, na huyo mume mwenyewe ameshauchoka." Lakini ulinipa mikono. Ulikuwa unafukiza kibuyu cha maziwa, moshi unakuzunguka, ukasema, "Mikono chukua." Nikaichora na kile kidole gumba chenye kovu la moto. Mungu anajua, ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora.

Na ugonjwa wako ulianzia wapi? Mikononi. Ganzi, halafu kuvimba, halafu ukashindwa kushika kibuyu. Daktari alisema ni sukari. Nami naamini ni sukari, kwa sababu dada yako naye aliondoka hivyo hivyo. Naamini, ninaomba, nasema amina, halafu naipita ile karatasi pale ukutani na moyo unauliza, mbona mikono? Ningechora miguu ingekuwaje? Naona haya kukuandikia haya. Mtu aliyeokoka hapaswi kuogopa penseli.

Sasa Rukia. Alikuja juzi kutoka kwake Garsen, peke yake, na maziwa kama ulivyokuwa ukija. Sikuwa nimemwona tangu matanga yako. Nilifurahi mpaka nikasahau kufunika sufuria. Lakini hakuketi. Alisimama akazitazama karatasi zangu moja moja, akizigeuza nyuma na mbele, na hizo zilizo chini ya godoro pia, maana aliinua godoro bila kuniomba. Nikajua anachotafuta. Anatafuta uso wako. Wameshamwambia, huko sokoni, kwamba nilikuiba ukiwa umelala.

Aliifikia ile mikono. Akaweka mkono wake juu yake. Nilingoja alie, au anitukane, ningepokea lolote. Akaniuliza tu, "Mama aliona hii?" Nikasema aliona, alinipa mwenyewe. Akasema, "Na uso?" Nikasema hapana, wallahi, na mimi si mtu wa kuapa. Ndipo akaketi.

Kisha akasema hivi, nakunukulia mtoto wako: "Basi nichore mimi. Uso wote, na macho. Kama hukumfanyia mama kitu, hutaogopa."

Nikamwambia kwenu sura haichorwi. Akatoa simu. "Tazama, mama, picha zangu zimejaa humu. Hakuna hata mmoja wa waliozichukua aliyeniua." Ana ulimi wako.

Lakini Mama Rukia, ana mimba. Hakuniambia, wala mimi sikumuuliza. Nilimwona alivyoketi, mkono mmoja nyuma ya kiuno. Mumewe amekwenda mbali kuchunga ng'ombe. Sasa nifanye nini? Nikikataa, atarudi Garsen na kusema, "Ameogopa," na nitakuwa nimekiri kwamba nilikuua. Nikikubali, halafu uzazi ukawa mgumu, kama ulivyo mgumu kwa wengi wasiochorwa na mtu, nani atanisikiliza? Nawaza pia mambo mabaya. Nani amemtuma? Ni yeye anayetaka kujua, au kuna watu nyuma yake wanaongoja? Halafu namkumbuka alivyoweka mkono wake juu ya wako, naona aibu kumshuku. Alifanana nawe hata nikageuka kupuliza moto ambao haukuwa umezimika.

Nilimwambia aje Alhamisi.

Nimefunga na kuomba. Nilichopata ni kidogo, lakini nakupa chote. Uhai wa Rukia na wa hicho kiumbe uko kwa yule aliyeuumba, na nikisema uko kwenye penseli yangu nitakuwa nimemnyang'anya kazi yake, na hiyo ni dhambi kubwa kuliko kuchora. Hilo nalijua asubuhi. Mchana silijui tena.

Kwa hiyo nakuomba, wewe uliye mama yake. Kama hutaki, nijibu upesi, kabla ya Alhamisi. Njia yoyote. Mtoto aumwe kichwa asije, mvua inyeshe barabara ya Garsen ikatike, sufuria ianguke, mimi nitaelewa, nitaziweka penseli zote jikoni ziwe kuni, na watu waseme wanalotaka.

Nakuahidi jambo moja, ujibu usijibu. Nikimchora, sitabaki Hewani nikingoja habari zije kwa midomo ya watu. Siku zake zikikaribia nitahamia kwake Garsen, nimpikie, nimchotee maji, nilale mlangoni pake. Likitokea jema nitakuwepo, na likitokea baya watanikuta pale pale, sitakimbia.

Lala salama, rafiki yangu. Ukinyamaza, nitajua umekubali. Mungu anisamehe kama ulisema nami sikusikia.

Ni mimi,
Mama Komora