Grisi ya Lenzi ya Baba

4 Machi

Binti yangu,
U hali gani huko? Sisi wazima. Mama yako ameiona picha uliyotuma, anasema umekonda. Mimi sikuona kukonda kokote.
Lenzi yangu ya zamani inanitia aibu. Nadhani pete ya fokasi, ile ya kuzungusha picha ikae wazi, imelegea. Harusi ya binti wa mwenye duka la mbao, picha zote ukungu mtupu. Mamake bibi harusi akaniuliza mbele ya watu kama nilikuwa nimelewa. Mimi, niliyempiga picha yeye mwenyewe alipoolewa! Nikabaki natazama viatu vyangu.
Wewe ndiye fundi wa kamera, nichagulie grisi ya kuikaza. Hapa nina mafuta ya mgando. Nipake?
Baba yako

19 Machi

Shikamoo baba,
Mimi mzima, mwambie mama nakula. Tafadhali usipake mafuta ya mgando! Joto likizidi yanayeyuka, yanatambaa mpaka kwenye vile vibati vya kufungua na kufunga mwanga, vinanata. Grisi ya gari ndiyo usiiguse kabisa. Nakutumia kichupa cha grisi ya lenzi, ya wastani. Futa yote ya zamani kwenye nyuzi za pete, zile kama za skrubu, kisha paka kidogo, kama chumvi ya mgonjwa.
Binti yako

2 Mei

Binti yangu,
Habari za kazi? Huku tunasukuma siku.
Grisi yako nyepesi mno. Nimepaka, ukungu uko palepale. Mwalimu mmoja amerudishiwa picha zake za pasipoti mara mbili. Siku hizi wateja wangu wakipita mbele ya studio wanaangalia ng'ambo ya barabara, na mimi najifanya napanga fremu. Nakutumia lenzi yenyewe, uchague grisi nzito ukiwa nayo mkononi. Mama yako asijue.
Baba yako

28 Mei

Shikamoo baba,
Natumaini hamjambo wote.
Nimeifungua mezani. Umeipaka vizuri sana. Nilijaribu grisi nzito, pete ikawa ngumu kama kifuniko cha mtungi, nikarudishia ya wastani. Inazunguka laini, ukiiacha inatulia. Nikapiga nayo picha, zote wazi, zinakata kama wembe.
Baba, sijui niseme vipi. Si lenzi. Nadhani ni macho. Naona haya kukuandikia hivi. Nenda hospitali, nakuomba.
Binti yako

11 Septemba

Mwanangu mpenzi,
Hujambo? Nimekaa kimya, si kwa hasira. Ni aibu.
Barua zako za mwaka huu sikuzisoma mimi; kuandika mkono umezoea, kusoma ndiko kulinishinda. Nilikuwa nampelekea fundi cherehani jirani, namwambia nimesahau miwani. Miwani yenyewe sijawahi kuwa nayo. Hii ya mwisho aliisoma kwa sauti, wateja wamejaa. Alipofika kwenye macho, akaikunja. Nikaichukua nikaondoka bila kuaga.
Baadaye mama yako alinikuta nimeishika juu chini. Alinishika mkono tukaenda hospitali. Ni mtoto wa jicho, pande zote mbili. La kulia wameshalipasua.
Kwa mwenye duka la mbao nilikwenda mwenyewe, nikaeleza. Mamake bibi harusi alinivutia kiti. Ni heri angenitukana.
Lenzi kaa nayo kwanza. Ukiniandikia tena, andika maandishi makubwa. Hiyo nataka niisome mwenyewe.
Baba yako